Sura ya 6: Kabla ya Mgongo Wazi, Kulikuwa na Chambo

Jioni ikiingia, njia zinazokatiza Kisumu Ndogo na Gatwekera, ndani ya Kibera, hujaa harufu ya samaki anayekaangwa. Kawangware nako, kuanzia stage ya 46 kuelekea Gatina, makarai yamekwisha kupanda juu ya majiko na wateja wameanza kukusanyika. Mteja anayejua anachokitaka haanzi na bei.

"Mama, huyu ni wa leo?"

"Wa leo, baba. Angalia jicho lake."

Kama mteja alikulia karibu na ziwa, huongeza swali la pili: "Ni wa wavu ama wa ndoano?"

Wanaolisikia swali hilo kwa mara ya kwanza hudhani ni madoido ya watu wa Nyanza. Si madoido. Ndani yake mna habari za jinsi samaki alivyokufa, za saa alizokaa majini baada ya kufa, na hata za samaki mwingine, mdogo, aliyetangulia kufa ili huyu apatikane. Watu wa Nairobi huuliza jambo hilo hilo kwa namna yao: inawezekanaje watu wawili, ndani ya mtumbwi wa kupiga kasia, kwenye maji yanayopitiwa na meli, wakamtoa mbuta anayekaribia kimo chao? Na kwa nini wahangaike na chambo kilicho hai, ilhali kipande cha samaki mfu hakigharimu kitu?

Majibu yote yanaanzia kwa chambo. Nami naamini kwamba mlaji wa Kibera na Kawangware ana haki ya kujua habari za chambo hicho kama anavyojua bei ya mafuta ya kukaangia.

Kwa nini samaki atoke mbali hivyo?

Kibera ina maji yake. Upande wa kusini-mashariki lipo Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 kwenye mkondo wa mto Motoine. Kwa miaka mingi mashua za tanga zilikuwa zikielea hapo mwishoni mwa wiki. Leo ukisimama ukingoni unaona majani matupu. Udongo ulioteremshwa na mvua, majitaka na takataka vimelijaza bwawa, na gugumaji, mmea unaoelea wenye maua ya zambarau, limefunika kilichobaki. Kupoteza maji ya namna hiyo katikati ya jiji lenye njaa ya samaki ni hasara ambayo haijawahi kuhuzunikiwa ipasavyo.

Basi samaki husafiri. Huondoka Kisumu na fuo nyingine za Ziwa Victoria usiku, hupita barabara ya kilomita 350 hivi, hushushwa Gikomba alfajiri, na hapo akina mama wa mitaani huenda kuchagua. Wapo pia ngege, yaani tilapia, waliogandishwa kutoka China, lakini hao si wa sura hii. Tunamfuata mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara. Aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaongezeka kwa kishindo kufikia miaka ya 1980, na akala sehemu kubwa ya samaki wa asili. Anaweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200, ingawa wengi wanaovuliwa siku hizi ni wa kilo chache tu.

Ghuba iliyojaa

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na fungu la Kenya ni asilimia 6 tu. Sehemu kubwa ya fungu hilo ni Ghuba ya Winam, mkono wa ziwa ulioingia nchi kavu kutoka Rusinga na Mbita hadi Kisumu. Maji yake si ya kina kirefu, na ni ya matope, kwa kuwa Nyando, Sondu-Miriu na mito mingine humwaga humo udongo wa mashamba ya bara.

Katika maji hayo kila mtu ana shughuli yake. Bandari ya Kisumu ina meli za mizigo. MV Uhuru, iliyojengwa katika miaka ya 1960, ilirudishwa kazini mwaka 2019 na ikaanza tena safari za Port Bell, Uganda. Boti za watalii hutoka Dunga kwenda kuangalia viboko. Usiku wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwa, hutandaza taa zao. Vizimba, yaani nyavu za kufugia ngege zilizofungwa kwenye fremu zinazoelea, vimeongezeka mwaka hadi mwaka. Halafu kuna gugumaji, ambalo mwaka 1998 lilifunika karibu hekta 17,000 za ghuba hii, na ambalo hadi leo hupungua na kurudi.

Mvuvi asiye na injini hupita kati ya hayo yote. Katika nchi nyingine mvuvi wa peke yake hutumia kayaki, chombo chembamba kinachoendeshwa kwa kasia la vichwa viwili, kilichobuniwa na Wainuiti wa kaskazini kabisa mwa dunia kwa ajili ya kuwinda baharini. Umbo ni jingine, masharti ni yale yale: mtu amekaa karibu na maji, nahodha wa meli hamwoni kwa urahisi, na kila anachokifanya kwa mikono hukitikisa chombo. Mvuvi wa mtumbwi wa Dunga na mvuvi wa kayaki wakikutana, hawatakosa la kuongea.

Kwa nini chambo kiwe hai?

Katika maji ya matope jicho haliendi mbali. Mbuta ana jicho kubwa linalong'aa, linalomfaa kwenye mwanga hafifu, lakini hategemei jicho peke yake. Ubavuni mwake, kuanzia nyuma ya shavu hadi mkiani, umepita mstari unaoonekana wazi hata kwenye samaki aliyelala sokoni. Mstari huo ni safu ya vitundu vyenye hisia. Samaki mdogo akipiga mkia, maji husukumika, na msukumo huo humfikia mbuta kabla hajaona kitu. Anajua kuna windo, liko upande gani, na kama linaenda vizuri au linasumbuka. Linalosumbuka ndilo analolipenda, kwa kuwa kulikamata hakuchoshi.

Kipande cha samaki mfu hakitoi habari hiyo. Kinatoa harufu tu, na harufu huwavuta wengine: mumi, yule kambale mwenye masharubu, na kamongo, wote wenye mazoea ya kutafuta chakula kwa kunusa na kupapasa chini. Ukitaka hao, kipande kitakufaa. Ukimtaka mbuta, unahitaji kitu kinachotapatapa.

Si kila samaki mdogo anafaa. Omena wamejaa ziwani, lakini ni dhaifu mno. Akishikwa tu ameisha. Fulu, wale samaki wadogo wa asili ambao kabla ya mbuta kuenea walikuwa na mamia ya aina ziwani, huvumilia kidogo, na watoto wanaovua kwa nyungunyungu kandokando ya ufuo huwakamata kwa wingi. Lakini chambo ambacho mvuvi wa mbuta hukithamini kuliko vyote ni mtoto wa mumi, mwenye urefu wa kidole au zaidi kidogo.

Sababu iko ndani ya kichwa chake. Samaki hupumua kwa matamvua, vile viungo vyekundu vilivyo chini ya mashavu, vinavyochuja oksijeni kutoka majini. Mumi anayo matamvua, na juu yake anacho kiungo kingine chenye matawi-matawi kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji. Ndiyo maana husafirishwa kwenye ndoo yenye maji kidogo bila kufa, na akiwekwa ndoanoni huendelea kupiga mkia kwa saa nyingi baada ya fulu kunyamaa.

Kiungo hicho ndicho kinachoeleza pia anakoishi. Kando ya ghuba, hasa Dunga na kwenye midomo ya mito, kuna vinamasi vya mafunjo, yale matete marefu yenye vichwa vya nyuzinyuzi. Chini ya mafunjo majani huoza, na kuoza hula oksijeni. Mbuta hawezi kustahimili maji ya namna hiyo. Akiingia, hukosa pumzi. Mumi huweza, na baadhi ya fulu wamejizoeza kuweza. Kinamasi kimekuwa kimbilio la wadogo kwa sababu adui yao hawezi kupumua humo. Ni mojawapo ya mipango ya ajabu zaidi ya ziwa hili, na sisi ndio tunaoingia humo na vyandarua kuwatoa.

*Kwa ufupi:* mbuta wa maji ya matope huwinda zaidi kwa kuhisi mtikisiko, kwa hiyo chambo kinachotikisika hukishinda kipande. Mtoto wa mumi hudumu kuliko wengine kwa sababu anaweza kuvuta hewa, na makao yake ni mafunjoni, ambako mbuta hafiki.

Kukilinda chambo ndani ya chombo kidogo

Mvuvi anayefika pahali pa kuvulia na ndoo ya mizoga ya samaki amepoteza siku. Maji yanapopata joto hushika oksijeni kidogo zaidi, na wakati huo huo samaki huhitaji oksijeni nyingi zaidi, kwa hiyo jua la saa nne asubuhi huua chambo pande zote mbili. Msongamano humalizia kazi. Ndoo iliyojazwa fulu ni kama matatu ya 46 saa moja ya jioni, mvua inanyesha na madirisha yote yamefungwa. Wavuvi hufanya hivi:

- Hutumia maji ya ziwa, wala si ya mfereji. Klorini, dawa inayowekwa kwenye maji ya mjini ili kuua vijidudu, huunguza matamvua.
- Huchagua chombo kipana badala ya kirefu, kwa kuwa hewa huingia majini kupitia uso wa juu.
- Hukiweka chini ya ubao wa kukalia, penye kivuli, au hutoboa mtungi wa plastiki na kuufunga ubavuni uelee ziwani, maji yajibadilishe yenyewe.
- Huloweka mkono kabla ya kumshika samaki. Ngozi yake ina ute unaomkinga na maradhi, na mkono mkavu huufuta.
- Humtoa aliyekufa mara moja, kabla hajaanza kuoza na kuwaharibia wenzake.

Jambo la mwisho linaonekana dogo, lakini nimewasikia wazee wa ufuoni wakiwakaripia vijana kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya kasia lililopotea.

Kutega

Ndoano hupitishwa kwenye nyama ya mgongo, chini ya pezi la juu, bila kugusa uti. Ikigusa uti, chambo hupooza na faida yote ya uhai wake imekwenda. Kama chombo kinasogea, ndoano hupitishwa midomoni ili chambo kivutwe kikitangulia kichwa, jinsi samaki anavyoogelea.

Kutoka hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni mshipi wa mkono: uzi mmoja, jiwe au risasi ya kuuzamisha, ndoano moja au mbili, na mtu ameshika anasikiliza kwa vidole. Ya pili ni kamba ndefu ya ndoano nyingi. Kamba mama hutandazwa majini, na kila baada ya hatua kadhaa huning'inizwa uzi mfupi wenye ndoano na chambo. Ncha zake hushikiliwa na mawe, na mitungi ya plastiki huelea juu kuonyesha ilipo. Hutegwa jioni na kuvutwa alfajiri, kwa kuwa usiku mbuta huzunguka zaidi. Urefu wa uzi ni siri ya kila mvuvi. Mbuta hukaa pale penye oksijeni ya kumtosha, na pale hubadilika kwa msimu na kwa upepo, hivyo aliyefaulu wiki iliyopita kwa uzi mrefu huenda wiki hii akalazimika kuufupisha.

Upepo nao una ratiba. Usiku na alfajiri huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mwenye kasia husukumwa atokapo. Mchana jua likishaipasha ardhi joto, upepo hugeuka ukavuma kutoka ziwani, na humrudisha. Anayekawia hadi alasiri hukuta upepo huo umekuwa mkali na mawimbi ya ghuba yamekuwa mafupi na ya kufuatana, ambayo ndiyo mabaya zaidi kwa chombo kidogo.

Mbuta akishika

Mbuta akimeza, uzi hauchezi. Huondoka. Mwenye mazoea huuacha uende kwanza, kisha hukaza polepole ili ndoano iingie pembeni mwa mdomo. Kinachofuata ni uvumilivu. Chombo chepesi kina faida ambayo wengi hawaifikirii: samaki hukivuta, na kukivuta kunamchosha. Sharti lake ni kwamba uzi uvutie kwa mbele, kwenye gubeti, yaani ncha ya mbele ya chombo. Ukivutia ubavuni, mtumbwi utapinduka.

Kuna makatazo ambayo hayana mjadala. Uzi haufungwi kiganjani wala kiunoni, hata kwa dakika moja. Kisu hukaa pahali ambapo mkono wa kushoto na wa kulia inakifikia. Hakuna kusimama wote wawili. Mmoja akivuta, mwenzake ana kazi ya kasia na mizani. Na jaketi la kuokolea huvaliwa, halikaliwi. Nimeona mengi yametandikwa kwenye ubao kama mto wa kukalia, na sina lugha laini ya kulisemea jambo hilo: ziwa hili huzamisha watu kila mwaka, na kati yao wamo waliojua kuogelea.

Msongamano wa ghuba huongeza makatazo mengine. Meli nzito haiwezi kusimama wala kukata kona ghafla, kwa hiyo mwenye kasia ndiye anayepisha, hata kama alifika kwanza. Njia ya meli huvukwa kwa kuikata moja kwa moja, haifuatwi. Hakuna kutega kamba ndani yake, wala kujifunga kwenye boya lake. Usiku lazima pawe na taa, kwa sababu nahodha wa boti ya injini hawezi kumkwepa mtu asiyemwona. Vizimba vya ngege hupitwa kwa mbali. Mbuta hupenda kuzunguka karibu navyo, na kishawishi ni kikubwa, lakini ndoano ikinasa wavu wa kizimba hasara ni ya mtu mwingine.

Gugumaji ni hatari ya peke yake. Haliendi pahali kwa nia. Linakwenda na upepo, na zulia la hekta kadhaa huweza kufunga ufuo wakati watu wako ndani. Aliyezungukwa hawezi kupiga kasia, na akishuka hana pa kukanyaga. Mzee mwenye uzoefu huangalia upepo unaliendesha upande gani kabla ya kutoka, na hubakiza njia ya pili ya kurudi. Viboko nao hujificha kwenye kingo za majani hayo, na hakuna chambo kinachostahili kumkaribia kiboko.

Kutoka ndoanoni hadi karaini

Sasa turudi kwenye swali la wavu na ndoano. Wavu wa kutega humnasa samaki kichwani au kwenye matamvua, na mara nyingi humkaba akafa hapo hapo. Maji ya ziwa hili yana joto la nyuzi 25 hivi, na samaki aliyekufa saa mbili usiku akavutwa alfajiri ameanza kuharibika kabla ya kuona barafu. Wa ndoano, hasa aliyenaswa mdomoni, mara nyingi hupandishwa akiwa hai. Saa zake za kuhesabiwa huanza ndani ya mtumbwi. Akiwa mdogo mno, anaweza kurudishwa; wa wavu, mara nyingi, hana tena maisha ya kurudishiwa.

Hilo lina uzito. Nchi za ziwa, kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao yake Jinja, zilikubaliana kwamba mbuta wa kuchakatwa viwandani awe na urefu wa sentimita 50 hadi 85. Walio chini ya hapo wengi bado hawajazaa. Walio juu ya hapo ni wazazi wenye mayai mengi. Ukubwa wa ndoano na wa chambo humwezesha mvuvi kuchagua, kwa kiasi fulani, nani aje. Chambo kikubwa hakimezwi na mdomo mdogo.

Mbuta wa kiwango hicho hupelekwa kiwandani, hukatwa minofu pande zote mbili, na minofu huenda Ulaya na kwingineko. Kinachobaki ni kichwa, uti na mkia, pamoja na nyama iliyoshikilia mifupa. Hicho ndicho mgongo wazi. Obunga, mtaa wa Kisumu, akina mama wamejenga kazi nzima juu yake: hukikausha, hukikaanga kwenye mafuta ya moto, na hukipeleka masoko ya mbali. Kibera na Kawangware zimelea watoto wengi kwa mgongo wazi na ugali. Nina heshima kubwa kwa akina mama hao, na ninaudhika nikisikia mtu akikiita chakula hicho masazo. Kichwa cha mbuta kina nyama tamu kuliko mnofu, na mama anayejua kukipika analijua hilo.

Kwa kuwa kichwa kimebaki, mnunuzi wa samaki mbichi au wa mgongo wazi ambao haujakaangwa bado anaweza kusoma mambo mawili matatu. Kidonda pembeni mwa mdomo huashiria ndoano. Mistari iliyozunguka kichwa au shingo, na magamba yaliyobanduka kwa kufuata mstari, huashiria wavu. Halafu aangalie matamvua: mekundu ni mazuri, ya kahawia au ya kijivu, yenye utelezi mzito, ni ya samaki aliyechelewa, awe wa wavu au wa ndoano. Ndoano humpa samaki mwanzo mzuri tu. Lori lisilo na barafu ya kutosha linaweza kuuharibu mwanzo huo kabla ya Nakuru.

Na chambo chenyewe kimetoka wapi?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosifu ndoano bila kuuliza zaidi. Mtumbwi mmoja wenye kamba ya ndoano mia kadhaa huhitaji chambo mia kadhaa, na kesho huhitaji vingine. Zidisha kwa mitumbwi ya ufuo mmoja, kisha kwa fuo zote. Vingi hutolewa mafunjoni. Njia za zamani, kama migono, yaani mitego ya kusuka inayowekwa kwenye mikondo, zilitoa kiasi kidogo na kuacha kingine. Siku hizi watu hukokota chandarua cha mbu au wavu wa matundu madogo kando ya matete. Chandarua hakichagui. Hutoka na watoto wa mumi, fulu, vifaranga vya ngege, mayai, na kila kitu kilichokuwa kimekimbilia humo. Uvuvi unaosifiwa kwa kuchagua samaki mkubwa unakuwa umetegemea uvuvi usiochagua chochote.

Dawa yake inajulikana na tayari inafanyika. Wafugaji wa samaki katika magharibi ya Kenya na Uganda huzalisha vifaranga vya mumi, na wavuvi wa kamba za ndoano wamekuwa miongoni mwa wateja wao wakubwa. Kazi yenyewe inahitaji ujuzi. Mumi hataki kutaga kwenye bwawa lililotulia. Hungoja mafuriko ya mvua. Mfugaji humdanganya jike kwa kumdunga homoni, kichocheo kinachouambia mwili wake kwamba wakati umefika, na mara nyingi homoni hiyo hutolewa kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa samaki mwingine. Siku ya pili mayai hukamuliwa kwa mkono na kuchanganywa na mbegu ya dume. Katika maji ya vuguvugu huanguliwa kwa siku moja hadi mbili.

Kisha huanza taabu. Vifaranga vya mumi hulana. Mmoja akiwazidi wenzake kidogo, huanza na walio karibu naye, na mfugaji asiyewatenganisha kwa ukubwa kila mara atabaki na wachache walioshiba. Chakula cha siku za mwanzo lazima kiwe kidogo sana na kiwe kingi. Baada ya wiki kadhaa, waliobaki wamefikia ukubwa wa kuwekwa ndoanoni.

Tatizo ni bei. Chambo cha bwawani hununuliwa. Cha mafunjoni huokotwa. Mvuvi ambaye tayari anadaiwa na wakala aliyemkopesha kamba na mtumbwi hawezi kuchagua cha kununua kwa ajili ya kukihurumia kinamasi, na kumlaumu yeye peke yake ni uonevu. Kiwanda na wakala ndio wanaopata samaki bora kwa sababu ya chambo hai, kwa hiyo ni haki wachangie gharama yake, iingizwe kwenye bei ya kilo kama barafu inavyoingizwa.

Njia ya kuanzia ipo. Kila ufuo una kamati ya usimamizi, ijulikanayo kama BMU, ambayo huandika daftarini kilo zilizoshushwa, aina ya samaki na chombo kilichowaleta. Daftari hilo liongezwe safu moja ya chambo: bwawani, mgononi au chandaruani. Kwa mwaka mmoja wa kuandika, kila ufuo utajua unakula kiasi gani cha mafunjo yake, wakala atajua samaki yupi wa kumlipia zaidi, na mama wa Gikomba atakuwa na la kujibu mteja wa Kawangware akiuliza swali la tatu.